Chumba chenye Dirisha la Mtoni

Kaka yangu Pu Changlu alikuwa mpagazi Chongqing kwa miaka ishirini na miwili. Mti wa mwanzi begani, kamba mbili, anawapandishia watu mizigo kutoka gatini hadi mjini, ngazi baada ya ngazi. Kijijini alikuja mwaka mpya tu, siku kumi, kisha huyo. Mkewe, wifi yangu Mou Shifen, alibaki na sisi, akilea binti yao Guirong, nguruwe wawili, na mama yetu ambaye hakuwa akitoka kitandani.

Katika barua ya kwanza kaka aliandika kwamba amepata chumba, kina dirisha linalotazama mto. Wifi hakujua kunyamaza na habari njema. Kijiji kizima kililijua dirisha lile. Lakini kila alipoomba kwenda kuishi naye, kama wake wengine walivyowafuata waume zao, jibu lilikuwa moja: bado. Mwaka mmoja alifika hadi stendi na furushi lake la nguo. Kaka akapata habari, akapiga simu duka la kijiji, nikatumwa mbio kumrudisha. Njiani nikamtania, kama mawifi tunavyotaniana: "Wifi, dirisha hilo lina mtu tayari anachungulia." Kusema kweli nilimwonea wivu, maana mume wangu hakuwa na dirisha lolote la kujisifia. Yeye hakucheka. Maneno yale aliyameza, yakamkaa.

Kaka alirudi nyumbani moja kwa moja magoti yalipokwisha. Wakaishi kama wapangaji wawili. Chakula wifi alimpikia, nguo alimfulia, lakini neno tamu hapana. Mwaka jana, tulipotoka kumzika mpagazi mwenzake, kaka akatamka: hakukuwa na chumba. Alilala chini ya ngazi za gati, kwenye shimo ambamo mabaharia waliwahi kuweka kamba zao.

Wifi alikuwa anamenya kitunguu saumu. Hata hakuinua kichwa.

"Umekaa miaka yote hiyo unaupika huo uongo, na bado haujaiva."

"Basi twende ukaone mwenyewe."

"Haya. Ukanionyeshe."

Ndiyo maana wazee wa kijiji walipoandaa safari ya siku mbili kwenda kutalii Chongqing, kaka na wifi wakajiandikisha. Na mimi nikajiandikisha, kwa sababu nilijua mdomo wangu una kesi ya kujibu huko.

Asubuhi tulipelekwa kuona treni inayopenya katikati ya jengo la ghorofa. Wenzetu walipanga foleni kupigwa picha wakiwa wameachama, eti wanaimeza treni, watu wazima na meno yao ya bandia. Kaka hakutazama hata behewa moja. Mara nne alimuuliza binti aliyetuongoza kama gatini tutafika leo.

Tulifika mchana, tukapewa saa moja. Kaka alitangulia akichechemea kwa haraka, halafu akasimama. Ngazi hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na jengo la vioo, maduka juu na chini, sakafu inang'aa mpaka unauona upindo wa sketi yako. Aliingia, akatoka, akautazama mto, akapima kwa hatua, akaingia tena. Akamsimamisha msichana wa duka la viatu.

"Mwanangu, hapa palikuwa na ngazi."

"Ngazi ya umeme iko kule, babu."

"Za mawe. Watu walipanda na mizigo."

"Sijui, babu. Mimi nimekuja juzijuzi tu."

Akamuuliza mfagiaji, akamuuliza mlinzi. Wote vijana, wote wageni. Nilimwona kaka yangu anavyonyong'onyea. Shimo lile alilionea haya maisha yake yote, na sasa alikuwa akilitafuta kama mtu aliyepoteza hati ya shamba.

"Una bahati, Baba Guirong," wifi akasema. "Ushahidi wamekubomolea."

"Ni hapa. Au pale kwenye nguzo. Nakuapia."

"Na yeye walimbomoa?"

"Nani?"

"Wa dirishani."

Hapo ndipo nilipaswa kusema kwamba wa dirishani nilimtunga mimi, kwa mzaha, barabarani, na kwamba sikuwahi kusikia wala kuona lolote. Nilitazama viatu vilivyopangwa dukani. Nilikuwa mwoga, na sina neno jingine la kujiita.

Kaka hakubishana tena. Alivua kofia, akaiweka sakafuni, akashuka polepole kwa sababu ya magoti, akalala ubavu pale kwenye nguzo, watu wakipita na mifuko yao. Akakunja miguu mpaka kifuani. Akageukia nguzo. Kisha akaweka mkono juu ya uso.

"Nilikuwa nalala hivi," alisema chini ya mkono. "Miguu hainyooki, ukuta uko hapa. Na uso lazima uufunike, maana wanaopanda wanakumwagia mchanga."

Mlinzi akaja mbio. "Bibi, babu anaumwa?"

Uso wa wifi ulikuwa umebadilika, na alipozungumza alizungumza na mimi.

"Ndivyo anavyolala nyumbani."

"Vipi, wifi?"

"Hivyo hivyo. Kila siku. Kitanda kipana, yeye anajikunja, ananipa mgongo, anajifunika uso. Mimi nikasema hataki kuniona. Nikasema anamuwaza yule."

Akakaa sakafuni kando yake, mkoba mapajani. Mlinzi akarudi nyuma kidogo.

"Mbona hukusema?" akamuuliza.

"Ulishawaambia watu kuna dirisha."

Wifi akaanza kulia. Tulipomzika mama hakulia, alikuwa akipika chakula cha wageni. Sasa alilia mbele ya duka la viatu, na hakujifuta.

"Ningekuja hivyo hivyo," alisema.

"Pasingetosha, Mama Guirong."

"Ningejikunja na mimi."

Kaka akautoa mkono usoni, akamtazama. Kisha akajifunika tena, na mabega yake yakaanza kutikisika.