Waliponiposa kwa Gari Langu

Nimewasamehe watu wengi maishani. Nimemsamehe metroni aliyenipa zamu ya usiku Krismasi tatu mfululizo, na nimemsamehe kaka yangu aliyeuza cherehani ya mama. Lakini yule bwana wa Kiriaini sijamsamehe, sina mpango wa kumsamehe, na pasta akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo.

Gari lilikuwa langu. Naanzia hapo ili mtu asichanganyikiwe. Nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Nyeri, miaka ile ya kwanza baada ya uhuru, wazungu wa mashamba ya Mweiga walipokuwa wakifunga virago na kuuza kila kitu mpaka vijiko. Mmoja wao aliniuzia gari dogo la rangi ya maziwa, lile la mgongo wa mviringo ambalo watu waliliita kobe, injini nyuma, buti mbele. Nililipata kwa kujinyima. Sikununua viatu, sikununua koti, nilikula uji na viazi kwenye bweni la wauguzi mpaka wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba labda nimeingia dhehebu fulani la kufunga. Nikajifunza kuliendesha kwenye barabara ya Mweiga wakati wa mvua, tope limefika mlangoni. Ukizoea kupita pale bila kutumbukia mtaroni, barabara nyingine hazikusumbui.

Nyumbani Wamagana sikusema kitu. Msichana ambaye hajaolewa kuwa na gari ilikuwa habari ya kujadiliwa nje ya kanisa, na tena nilikuwa na kaka zangu ambao wangelifanya la kubebea mbolea. Kwa hivyo gari lililala uwanjani mwa hospitali, nami nikaenda kwetu kwa basi.

Kisha nikapata mchumba. Alikuwa karani wa ofisi moja mjini Nyeri, mrefu, mcheshi, shati limepigwa pasi mpaka linakaribia kusimama lenyewe. Hakuwa na hata baiskeli. Kuendesha gari nilimfundisha mimi, na nikampenda, sitadanganya. Wagonjwa waliniita sista, naye akaniita sista kwa utani, na mimi nikicheka kama mjinga.

Tukienda kumsalimia mama yake Kiriaini, tulipokaribia soko alikuwa akinigusa mkono. "Sista, hebu tubadilishane hapa. Unajua watu wa kwetu. Wakiona umenibeba, nitapewa jina mpaka nizeeke." Tunashuka, tunazunguka gari, yeye anashika usukani na kuingia sokoni akipiga honi utadhani amebeba mgonjwa. Mama yake anatoka mbio kumlaki. Mimi niko kando, kikapu mapajani. Niliona ni jambo dogo la kumfurahisha mtu mbele ya mama yake. Hata kwetu Wamagana alikuja hivyo hivyo, na baba akalizunguka lile gari akilipapasa, akasema huyu kijana ana kichwa.

Posa ikaja. Wazee wa kwao walileta mbuzi wa kwanza, na msemaji wao alikuwa baba yake mdogo, mzee aliyefanya kazi ya reli Jinja, Uganda, na aliyesafiri kuja kwa ajili ya shughuli ile tu. Kwa desturi yetu wazee ndio huzungumza mahari, na sisi wanawake hatukuingia kwenye kile chumba. Tulipika, tukasikia vicheko, na baadaye mama akaniambia mambo yamekwenda vizuri sana. Vizuri namna gani, sikuuliza.

Miezi michache baadaye baba mdogo akatuma salamu kutoka Jinja. Huko karibu, kando ya mashamba ya miwa, Wahindi na wazungu walikuwa na barabara ya lami ya mzunguko, ya kushindania magari, na Jumapili fulani wangeifungua kwa mtu yeyote mwenye gari lake. Si mashindano. Unalipa kiingilio, unapewa helmeti, unazunguka kwa kasi unayoiweza. Mzee alikuwa amewaalika marafiki zake wote wa reli waje wamwone kijana wake. Mchumba wangu alinijia na habari hiyo macho yakimeta.

"Tutaenda, sista?"

Nilisema tutaenda. Hata mimi nilikuwa na hamu. Ni nani asiyetaka kuona gari lake linaweza nini kwenye lami isiyo na shimo wala ng'ombe?

Njia nzima, Nyahururu, Nakuru, Eldoret, mpaka tukavuka mpaka, kila zamu yake ya kuendesha ilipofika alifanya ile kazi ya madereva wa kwetu. Watu wa milimani tumezoea kubania petroli. Ukifika juu ya mteremko unatoa gia, gari linateleza lenyewe mpaka chini, wewe umetulia unapiga mluzi. Tunaita kuacha gari frii. Kutoka Nyeri kwenda chini utawakuta wanaume wazima wakishindana nani atafika mbali zaidi akiwa frii. Nilimwambia gari lenye uzito nyuma halitaki mchezo huo kwenye kona. Alinicheka. "Mafuta ni pesa, sista." Mafuta yenyewe nilinunua mimi.

Tulifika Jinja jioni. Mke wa baba mdogo alitupikia samaki, tukala, tukaomba, na mzee akaanza kunisifu. Nimelelewa vizuri, baba yangu ni mtu muungwana, mazungumzo yalikwenda bila kelele. Halafu akasema, kwa furaha kabisa, "Na baba yako alifurahi sana tulipomwahidi gari."

Nikauliza, gari gani, mzee?

"Hii ya kijana wetu iliyo hapo nje. Si tulimwambia siku ya harusi itabaki kwake, ya kubeba kahawa yake? Mbuzi zilizobaki tukasamehewa."

Ngai! Kijiko kilibaki hewani. Gari langu. Uji wangu na viazi vyangu na miguu yangu iliyotembea na viatu vilivyotoboka. Walikuwa wamelitoa mahari ya kunioa mimi mwenyewe, na baba yangu amelipokea kwa mikono miwili bila kujua analichukua kwa binti yake. Nilimtazama mchumba wangu. Alikuwa akichambua mwiba wa samaki kwa makini ya daktari wa upasuaji.

Nilimwita nje. Nilimuuliza kama ana wazimu.

"Punguza sauti," akasema. "Ni maneno ya wazee tu, sista. Na hata hivyo ukiolewa, chako si changu? Kesho usinitie aibu mbele ya hawa watu. Wanajua ni yangu."

"Na wakijua si yako?"

"Nani atawaambia? Wewe?" Akanigonga begani kidogo, kwa mapenzi. "Mwanamke hawezi kumvua mchumba wake nguo hadharani. Utaolewa na nani tena?"

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nilitaka kuchukua ufunguo niondoke saa ile ile. Lakini nikaona kwamba nikiondoka kimyakimya, ataenda kusema nimeiba gari lake, na ataaminiwa, kwa sababu nusu ya Kiriaini ilikuwa imemwona akiliendesha. Nilihitaji mdomo wa yule mzee aliyetoa ahadi. Basi nikarudi ndani, nikaomba nyongeza ya samaki, nikala nikashiba.

Asubuhi palikuwa na umati. Marafiki wa reli walikuja na wake zao, wamevaa za kanisani, na baba mdogo alikuwa akisambaza soda huku akionyesha gari kwa kidole. Mhindi mmoja mzee mwenye kofia nyeupe alikusanya madereva wote, akawaeleza kwa Kiswahili chake. Pale nyuma kuna mteremko mrefu, na chini yake kuna kona ya kushoto. Funga breki kabla ya kona, si ndani ya kona. "Na gia isitoke," akasema, akirudia. "Mteremko pale, gia isitoke." Nilisikia nikiwa nimesimama nyuma ya uzio. Mchumba wangu alikuwa mbele yake kabisa, anajaribu helmeti na kuwapungia watu mkono.

Alinifungulia mlango nikae kando yake. Nikamwambia sitaki, leo ni siku yako. Hilo nalo lilimfurahisha.

Raundi ya kwanza alienda polepole, kwa majivuno, mkono mmoja dirishani. Raundi ya pili akaongeza. Nilimwona akifika juu ya mteremko, nikasikia injini ya gari langu ikinyamaza ghafla, ile sauti ikikatika kabisa, nikajua. Alikuwa ameliacha frii. Mbele ya wazungu, mbele ya wageni wote waalikwa, kwenye barabara ya mashindano, bwana anabania petroli! Kobe likashuka kimya, likazidi kushika kasi, na alipofika kwenye kona akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Sehemu ya nyuma ikatangulia mbele. Likazunguka mara moja, likazunguka tena, likapita kwenye majani na kuingia kwenye miwa kinyumenyume.

Nilikimbia. Sitasema nilimkimbilia yeye. Taa moja ilikuwa imevunjika na bampa limepinda, mengine salama. Yeye alitoka akijipapasa, majani ya miwa yamemwingia kwenye kola. Watu walimpa pole. Mhindi alikuja na bendera yake, amekasirika kweli. "Gari ya nani hii? Mwenyewe aseme, inaendelea ama inatoka."

Mchumba wangu alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani usoni. "Sista," akanong'ona. "Tafadhali."

Ninajua wapo watakaosema ningemhurumia. Wao hawakula viazi vile.

"Ni yangu," nikasema, kwa sauti ya kuita wodi nzima. "Nilinunua mimi, kwa mshahara wangu. Huyu nimemfundisha kuendesha, na mnaona hakumaliza masomo."

Marafiki wa reli walianza kucheka, kisha wakamtazama baba mdogo, wakaacha. Nilichukua helmeti kichwani mwa mchumba wangu nikavaa. Nikamgeukia mzee. "Baba, ingia twende."

Aliingia. Nadhani aliogopa kubaki pale na wageni wake kuliko alivyoniogopa mimi. Raundi ya kwanza nilipasha matairi tu. Ya pili nikaliachia. Jamani, lami ile! Sikuwahi kujua kobe langu lina pumzi namna ile. Juu ya mteremko nikashuka na gia ya tatu, injini ikinguruma mgongoni mwetu, breki mapema, kisha nikaiacha breki na kulivuta gari ndani ya kona kwa mafuta. Tukapita pale kwenye miwa iliyovunjika bila hata kuyumba. Mzee alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili na anasali kwa Kikuyu. Raundi ya tatu akaacha kusali.

"Hii gari ni yako kweli," akasema. Haikuwa swali.

"Ni yangu, baba."

Akauachia mlango. "Ati nilisimama mbele ya wazee wa kwenu, na mvi hizi, nikamposa mtu kwa mali yake mwenyewe." Nikatazama kando kidogo nikaona anafuta macho. "Nitamwambia baba yako mimi mwenyewe. Huyo kijana usimngoje."

Sikumngoja. Nilitoa sanduku lake kwenye buti, nikaliweka kwenye majani miguuni pake, nikamuaga mke wa mzee, nikawasha gari. Mchumba wangu alinifuata hatua chache akiniita kwa jina langu la ubatizo, siyo sista tena. Roho yangu ilikuwa imetulia tuli. Nilisikia alirudi Nyeri baada ya wiki, na ofisini wenzake tayari walikuwa na habari, maana treni zilibeba mizigo na maneno pia.

Mzee alitimiza ahadi yake. Alisafiri mpaka Wamagana, akakaa na baba kwenye kile kile chumba, na safari hii hakuna aliyecheka. Alipoondoka baba aliniita. Mimi nimeitwa jina la mama yake, kwa hivyo tangu utotoni ananiita mama.

"Mama," akasema, "kumbe nilikuwa nataka kukunyang'anya." Hakuweza kunitazama. Baadaye akasema posa imevunjika, mbuzi zitarudishwa, atatafuta wazee wazipeleke taratibu, watu wasijue.

"Hapana, baba. Nitazipeleka mimi."

"Mwanamke harudishi mahari yake."

"Huyu atarudisha."

Akafikiri. Kisha akainuka, akanisaidia kung'oa kiti cha nyuma, akatandika magunia, akawafunga mbuzi miguu mwenyewe.

Nilichagua siku ya soko. Niliingia Kiriaini nikiwa kwenye usukani, sikubadilishana na mtu, taa moja haipo, mbuzi wanalia nyuma yangu. Mama yake alitoka, akachungulia dirishani, akaangalia kiti cha kando ambacho hakikuwa na mtu. Watu walikuwa wameanza kusogea.

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza. "Na mbona umeleta gari yake ikiwa imevunjika hivi?"

Nilishuka, nikawafungua mbuzi kamba mmoja mmoja, nikawasukuma nje mpaka wa mwisho, nikafunga mlango.

"Vyake vimeshuka vyote, mama," nikamwambia. "Kilichobaki ni changu."