Gari ya Mama Cyusa Iliyovuta Kulia

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, ngoja. Ishirini na mbili nilikuwa bado nakaa Biryogo, kwenye nyumba ya marehemu baba yangu, na Rebero nilikuwa naiona kwa mbali tu kama kilima cha watu wengine. Basi ni ishirini na tatu, mwaka ambao binti yangu Yasmina alinihamishia kwake akisema, Baba, huku juu kuna hewa. Hewa ipo kweli. Watu wa kuzungumza nao ndio walikuwa wachache, mpaka nilipomfahamu jirani yetu Winifred.

Sisi wote tulimwita Mama Cyusa, kwa jina la mwanawe. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wake walikimbilia yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kiswahili chake ni cha shule, kimenyooka, siyo hiki chetu cha Biryogo. Alipiga taipu katika ofisi moja kule Kacyiru mpaka akastaafu, na ukimsikiliza akiongea utadhani bado anapiga: tak, tak, tak, halafu anarudi mwanzo wa mstari.

Alikuwa na gari ndogo ya zamani. Nyekundu, lakini nyekundu iliyopigwa jua miaka mingi, ikawa kama tofali. Kila Jumatano alikuwa anaitoa getini na kuwabeba majirani wenye wagonjwa kule hospitali ya Kibagabaga. Mgonjwa hapa kwetu hupelekewa chakula na watu wake, na kutoka Rebero hadi Kibagabaga ni kuvuka mji na sufuria ya moto mapajani. Christella, wa nyumba ya chini yetu, mama yake alikuwa amelazwa huko muda mrefu. Yeye alikuwa na kiti chake kabisa katika ile gari, kile cha nyuma upande wa mlango usiofunguka. Mimi sikuwa na mgonjwa. Nilikuwa napanda tu. Tangu ujana napenda kwenda mahali, hata kama sina la kufanya huko.

Sasa gari yenyewe. Asubuhi usukani ulikuwa mzito, Mama Cyusa anauzungusha kwa mabega kama anayesonga ugali wa msiba. Akikata kona ya mwisho ya kutokea kwetu, mbele kulikuwa kunalia, iiii, kama mbuzi. Kwenye mteremko ikichanganya mwendo, usukani unatetemeka hadi bangili zake zinagonga. Na siku zote, iwe asubuhi iwe jioni, gari ilikuwa inavuta kulia, inautafuta mtaro, maana huku kwetu magari hupita upande wa kulia, siyo kama Tanzania. Yeye alikuwa ameshazoea. Tena aliwahi kuniambia, "Muzehe, hii gari inapenda kulia, mimi napenda katikati. Tunaelewana."

Wakaelewana mpaka Pasaka. Siku ile, mbele ya kanisa, watu wametoka na nguo zao nzuri, gari ikapanda ukingo wa barabara na kukwaruza nguzo ya geti. Hakuumia mtu. Lakini Cyusa alikuwepo, na wenzake wa kazini walikuwepo.

Cyusa ni kijana mzuri, nisimseme vibaya. Anafanya kazi Kacyiru, anavaa tai, ana gari yake mpya isiyotoa sauti. Jioni ile nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya mama yake nikinywa chai, akaja akasimama.

"Mama, sasa imetosha. Umri umefika. Nipe ufunguo."

"Umri wa nani? Mimi au gari?"

"Wote wawili."

"Siyo umri, ni usukani. Unavuta."

"Kila mara ni usukani, Mama. Leo ni nguzo. Kesho ni mtoto wa mtu."

Hilo lilimwingia. Nilimwona akiweka kikombe chini taratibu. Akasema, "Sawa. Nitaitengeneza. Ikitoka kwa fundi, nitakupeleka kazini mimi mwenyewe, kutoka hapa mlangoni hadi Kacyiru. Nikiendesha vibaya, ufunguo nakuwekea mkononi, na Jumatano Christella atafute njia nyingine. Muzehe ni shahidi."

Nikasema ndiyo, nimesikia. Christella aliposikia siku ya pili hakucheka. Kupanda mabasi mawili na sufuria siyo mchezo.

Tukaipeleka kwa fundi mmoja wa Gatsata aitwaye Twizeyimana, mtu mnene mwenye maneno mengi. Alizunguka gari, akapiga tairi teke, akamtazama Mama Cyusa.

"Mama, umekuja na hii toka Rebero? Mwenyewe?"

"Umeona mtu mwingine ndani?"

"Nimeona muzehe."

"Huyo ni abiria."

"Basi Mungu anawapenda nyote wawili." Akaiinua kwa jeki, akashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto. "Unaona? Hii rotile imekwisha." Rotile ndiyo wanaiita kile kifundo cha chuma karibu na gurudumu, usukani ukigeuka nacho kinageuka. "Na mafuta ya usukani yamevuja, mkanda umelegea, ndiyo inalia. Na hizi tairi, Mama! Moja mpya, nyingine iko na upara kama mimi. Hii ya kulia upepo hakuna. Itaacha kuvuta namna gani?"

"Miaka yote hiyo inavuta, sikujua ni vitu vidogo hivyo."

"Siyo vidogo. Ungefika siku moja umeshika usukani, gari imebaki nyuma."

Alicheka peke yake. Tukashinda pale mchana mzima. Nilizunguka zunguka nikatazama watu wakigonga mabati, nikala maandazi, nikarudi. Akabadilisha vya kubadilisha, akajaza mafuta, akaipeleka kwa jirani yake mwenye mashine ya kunyoosha magurudumu. Kurudi Rebero usukani ulikuwa laini hata mimi niliona. Mbuzi amenyamaza, bangili zimenyamaza. Kulikuwa na msongamano njia nzima, tunaenda kama jongoo, kwa hiyo hakuna aliyeona jambo lingine.

Jumatatu asubuhi Mama Cyusa alivaa kama anaenda kazini enzi zake. Cyusa akakaa mbele karibu yake, mimi nyuma. Gari ikateremka kilima vizuri, kimya. Mwendo ukachanganya, na hapo hapo ikaanza kwenda kushoto. Kushoto! Kuelekea kwa wanaopanda. Motari mmoja, mwenye pikipiki na abiria nyuma, akapiga honi ndefu na kutupa neno la Kinyarwanda ambalo sitaliandika. Mama Cyusa akairudisha. Kidogo tu, ikaenda kushoto tena.

"Mama!" Cyusa alishika dashibodi. "Simama. Simama pembeni!"

Akasimama. Mimi nilitazama kisogo chake, kitambaa alichokifunga vizuri asubuhi ile. Akazima gari, akachomoa ufunguo, akauweka katika kiganja cha mwanawe. Hakulia wala hakubisha. Akashuka, akazunguka mbele, akangoja mwanawe amwachie kiti.

Cyusa akaendesha. Tukapita Gikondo, na mimi nikawa namfikiria Christella na sufuria yake. Karibu na Kimihurura Mama Cyusa akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei:

"Inakwendaje?"

"Vizuri."

"Haivuti kulia?"

"Haivuti, Mama. Fundi amefanya kazi."

"Haivuti kushoto?"

"Wala. Iko sawa kabisa."

Akatazama mikono yake mapajani. Na kweli, hata mimi niliona: mkono wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania mkoba, umeuvuta hadi pembeni, na ule mkoba haukuwa unaenda popote. Akaanza kucheka. Kwanza kidogo, halafu mabega yote.

"Gari imepona," akasema, "mikono haijapata habari!"

"Unasema nini, Mama?"

"Miaka yote naizuia isiende mtaroni. Navuta kushoto, navuta kushoto. Leo imenyooka, mimi bado navuta. Si gari iliyotaka kumuua yule motari. Ni mimi, namzuia mtu ambaye hasukumi."

Cyusa akasema, "Lakini ufunguo umeshautoa."

"Nimetoa. Sijaomba unirudishie."

Tukaenda tena kidogo. Kwenye taa za barabarani, tumesimama, Cyusa akageuka akamtazama mama yake kwa namna nyingine.

"Mama. Mimi nilijifunzia gari ipi?"

"Hii. Na mimi ndiye niliyekufundisha."

"Ulikuwa unanipiga kofi la mkononi. Shika kushoto, Cyusa, shika kushoto!"

"Ungeingia mtaroni."

"Nikaenda kufanya mtihani wa leseni kwenye gari yao. Nikapanda mstari wa kati mbele ya polisi. Nikaanguka mtihani. Ukaninunia wiki nzima, ukasema sikujifunza!"

"Ulikuwa hukujifunza!"

"Nilijifunza, Mama! Nilijifunza sana!"

Taa ikawaka kijani, nyuma wakaanza kupiga honi, na ile gari ya tofali imesimama palepale, mama na mwana wanacheka hadi machozi. Mimi pia. Mtu mmoja alitupita akatutazama kama walevi, asubuhi yote ile.

Cyusa hakumrudishia ufunguo siku ile. Jumatano hiyo Christella alipanda mabasi yake mawili. Lakini Jumamosi Cyusa alikuja na ufunguo, akamkalisha mama yake kwenye usukani, wakaenda ile barabara pana ya juu ya kilima isiyo na watu. Nami nilikuwa nyuma, ni lazima niseme? Mwana alikuwa anafundisha kama alivyofundishwa, ila kofi hakupiga.

"Achia, Mama. Usiishike kama mwizi. Iache ikuonyeshe inataka wapi."

"Haitaki popote."

"Ndiyo. Basi na wewe usitake popote."

Walirudia Jumamosi ile na nyingine na nyingine. Mama Cyusa akawa anaweka vidole tu kwenye usukani, kama anavyoweka kwenye mashine ya taipu, akashangaa kila mara gari inapokwenda moja kwa moja bila kugombana naye. Mara ya mwisho alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Kumbe kuendesha hakuchoshi."

Ndipo safari ya Kacyiru ikarudiwa, ileile, asubuhi ya Jumatatu vilevile. Mteremko tuliushuka tukiwa upande wetu. Motari walitupita bila neno. Gikondo, Kimihurura, zile taa. Cyusa alikuwa akisoma simu yake njia nzima, na mtu akisoma simu kwenye gari unayoiendesha wewe, hiyo ni heshima kubwa. Tulipofika mbele ya ofisi, akashuka, akanyoosha tai, akainama dirishani.

"Mama, saa kumi na moja utakuja kunichukua?"

Mama Cyusa akajibu kama hakuna kitu kikubwa kilichosemwa. "Nikiwa na nafasi. Jumatano sitaweza, nina watu wa Kibagabaga."

Ufunguo ukabaki ulipokuwa, kwenye gari, chini ya mikono yake. Jumatano ile Christella alikaa kwenye kiti chake upande wa mlango usiofunguka, akaimba njia nzima, na mimi nilishika sufuria.

Lakini pale Kacyiru, kabla Cyusa hajaingia getini, nilimwita kupitia dirisha la nyuma. Nikamuuliza: "Cyusa, mwanangu, kama usingeukumbuka ule mtihani wa leseni, ungemrudishia mama yako ufunguo?"

Mlinzi alikuwa anamsalimu, Cyusa akamwitikia yeye, akaingia. Nimemuuliza tena baadaye, mara kadhaa, kwenye baraza, kwenye harusi ya binamu yake, na siku moja njiani, yeye anaendesha na mimi nimekaa karibu yake. Kila mara anacheka, ananijazia chai au anaongeza sauti ya redio. Wewe je, ungemrudishia?