Mto wa Babu Ulioandikwa kwa Jina la Ganzori

Sisi tulioanza kutembea kabla bendera haijabadilishwa, kule kwenye bonde la mpunga chini ya Mkongani, tulilelewa na kelele. Asubuhi hujanawa uso, ushatumwa kuamia ndege. Unapewa debe bovu na fimbo, unapanda dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, na kazi yako ni kupiga debe na kupayuka mpaka jua litue, ndege wasije wakala mpunga wa watu. Vijana wa Ukunda siku hizi wanapayuka vivyo hivyo mchana kutwa, ila wao hawana mpunga.

Lakini tulikula. Mpunga ukianza kuiva bibi yangu alikata mashuke mabichi, akayakaanga, akayatia kinuni, tukala pepeta na nazi mpaka matumbo yakawa magumu kama ngoma. Shule nilifika darasa la tatu. Mwalimu alisema kichwa changu kimejaa maji ya mto, na hakukosea sana, maana saa zangu zote zilizobaki nilikuwa mtoni. Tuliwakamata kereng'ende, tukawafunga uzi mkiani, tukawachunga kama ng'ombe. Tulifukua chini ya mawe wale wadudu wanaojijengea vijumba vya vijiti na mchanga kisha wakahama navyo, na hakuna karani anayewauliza kitu. Tena kulikuwa na wale wanaotembea juu ya maji. Tuliaminishwa kwamba ukimmeza mmoja akiwa hai utajua kuogelea. Mimi nimewameza sijui wangapi, na hadi leo ukinitupa kwenye kina nakwenda chini kama jiwe.

Bonde lilikuwa la bibi, Bibi Mejumaa, aliyenilea kwa sababu baba yangu alikuwa kuli bandarini Mombasa. Mume wake alikuwa amekwisha kufariki. Aliyelifyeka bonde lile mwanzo ni baba mkwe wake, na mto ukaitwa kwa jina lake, na mimi nikapewa jina hilohilo nilipozaliwa. Sasa nyinyi wa rika langu mnajua. Kwetu mwanamke halitamki jina la baba mkwe. Hata akikatwa kidole halitamki. Kwa hiyo bibi yangu alikuwa na mto asioweza kuutaja na mjukuu asiyeweza kumwita. Mto aliuita "huko majini". Mimi aliniita "mume wangu", mbele za watu, nikaona haya, wenzangu wakanicheka. "Mume wangu, njoo ule!" Nami nikaenda. Hakuna mume aliyetii kama mimi.

Basi mwaka mmoja kabla ya mambo ya uhuru kuiva akaja Mzungu wa wadudu. Wanawake walioteremka na mitungi alfajiri ndio waliomwona kwanza, na walichokiona ni makalio. Kichwa kilikuwa majini, mikono majini, makalio juu ndani ya kaptura. Wakarudi mbio wakisema serikali imezama. Kumbe anatafuta wadudu. Alikuwa na kikapu cha wavu, chupa zenye dawa, na Kiswahili cha kitabuni kilichonyooka kuliko chetu. Akamwendea bibi akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Naomba ruhusa ya kuwachukua wadudu wenu."

"Marahaba. Wachukue wote, bwana," bibi akamwambia. "Na mbu usiwasahau."

Akakaa kwetu siku nyingi. Kila mdudu alimtia ndani ya chupa, na ndani ya chupa akatia kipande kidogo cha karatasi kilichoandikwa siku na mahali. Alinieleza mwenyewe, kwamba mdudu asiyejulikana ametoka wapi ni takataka, ila akiandikwa mahali pake, watu watakaokuja baada yetu sote kufa watajua kwamba mto fulani ulikuwa na mdudu fulani. Nilimwona ni mwendawazimu mwenye adabu. Nawaambia leo, alikuwa anasema kweli tupu, na ndiyo iliyotuua.

Maana alimuuliza bibi: "Mama, mto huu unaitwaje?"

Bibi alikuwa ameinama anapandikiza. Akainuka, akajifuta tope. "Huo ni mto, bwana."

"Ndiyo. Jina lake?"

"Una maji mazuri sana. Hata kiangazi haukauki."

"Jina, mama."

Mimi juu ya dungu nikafungua kinywa nimsaidie. Bibi akanitupia donge la tope likanipata shingoni. "Nyamaza, mume wangu! Watu wazima wanazungumza." Kisha akanyoosha mkono ng'ambo. "Kamuulize yule pale. Yeye hana mashaka ya kutaja."

Yule pale alikuwa Salimu Ganzori. Namtaja kwa jina lake lote, na kama ana wajukuu wanaosoma hapa, wasome. Ganzori alikuwa na kishamba cha muhogo ng'ambo ya mto, na alipenda jina lake kuliko alivyopenda wake zake. Alilichongesha kwenye mpini wa jembe, kwenye kigoda, kwenye mlango wa choo. Punda wake alimwita Ganzori Mdogo. Mzungu alipomuuliza jina la mto, Ganzori hakufikiri hata kidogo.

"Hapa ni Kwa Ganzori, bwana. Andika vizuri, lisiharibike."

Akasimama nyuma ya Mzungu kuhakikisha linaandikwa, na kusoma hajui. Bonde zima tulicheka. Bibi alicheka mpaka akakaa kwenye maji. Nani atapata hasara kwa uongo alioambiwa mkusanya viroboto?

Mzungu akaenda zake na chupa zake. Baada ya muda ikaja karatasi kwa posta kupitia kwa chifu. Ilikuwa na picha ya kereng'ende mmoja wa mto wetu, mbawa zimetandazwa, na chini yake kwa herufi za kupigwa chapa: Kwa Ganzori. Ganzori akaitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika ukutani. Mgeni akiingia kwake ilimbidi aisalimie kwanza. Mimi mwenyewe nimelazimishwa kumpa shikamoo kereng'ende.

Kisha ukaja uhuru. Tulicheza ngoma mpaka vumbi likaingia kwenye masufuria. Watu wazima wakasema sasa kila mtu atapewa karatasi ya shamba lake, na ikaja kweli kamati ya mashamba, wakaketi kwenye banda la shule. Karani wao aliitwa Faraji, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Huyu naye namtaja. Ganzori akasimama akasema bonde la mpunga, ng'ambo na ng'ambo, ni lake, na bibi yangu ni mgeni aliyekaribishwa kulima. Alikuja na fremu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

"Ushahidi huu hapa," akasema.

Wazee wa kamati wakaipokea, wakaipitisha mkono kwa mkono. Mmoja akaishika juu chini.

"Karani, andika shahidi ni nani," mwenyekiti akasema.

"Kereng'ende," Faraji akajibu, na akaandika.

"Anakaa wapi?"

"Anakaa Kwa Ganzori. Imeandikwa hapa, na imeandikwa Ulaya."

Bibi akasimama. Alivaa leso zake mpya. Jamani, mwanamke yule alikuwa amelilima bonde tangu alipoletwa kuolewa, hana pengine pa kupanda hata shuke moja, na watoto wake wote wameshibia pale. Akasema, "Mzungu alidanganywa. Mto una jina lake na hilo silo."

"Haya, bibi," akasema Faraji, kalamu tayari. "Jina la mto ni lipi?"

 Kila mwanamke mle ndani alijua shida iliyopo. Bibi akaanza kuzunguka. "Ni jina la yule aliyemzaa mwenye nyumba yangu."

"Kamati haiandiki mafumbo, bibi."

"Ni mtu mrefu. Alikuwa na chongo."

"Mto una chongo?" Ganzori akapiga kelele. Watu wakacheka, Mungu awasamehe, mimi sijawasamehe.

Bibi akanivuta mkono, akaniweka mbele ya meza. "Mto unaitwa kama huyu."

Faraji akaniinamia. "Unaitwa nani wewe?"

"Ndaro," nikasema.

Akamgeukia mwenyekiti. "Bwana mwenyekiti, mto huu ulikuwapo kabla ya mtoto huyu kuzaliwa. Utapewaje jina na mtu ambaye hajazaliwa?"

"Hiyo ni akili," mwenyekiti akasema, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Hilo haliwezekani."

Nikapiga kelele kwamba ni jina la babu, nimerithishwa, waulize watu. Askari wa chifu akanitoa nje kwa sikio, ushahidi wa mtoto haupokelewi. Wa mdudu ulikuwa umekwisha kupokelewa. Nikachungulia dirishani. Wanaume wa kwetu, waliokula mpunga wa bibi yangu miaka yote, wasiofungwa na mwiko wowote, walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao, kwa kuwa Ganzori alikuwa amewaahidi kila mmoja kijaruba cha mpunga. Hamisi wa kinu, nakutaja. Bakari fundi baiskeli, nawe pia.

Hapo bibi akajifunika uso kwa leso.  Kisha akaishusha, akawatazama usoni, akasema: "Ndaro. Mto ni wa Ndaro. Kwa Ndaro."

Wanawake waliguna wote kwa pamoja, kama waliomwona amevuliwa nguo. Mmoja alitoka nje akilia. Karani Faraji aliifunga kalamu yake yenye wino.

"Umechelewa, bibi," akasema. "La kereng'ende limetangulia."

Tulivuna msimu ule wa mwisho. Kabla hatujahama, bibi alipika wali wa mpunga ule, akaenda nao peke yake kwenye kaburi la baba mkwe wake kuomba radhi kwa kumtaja mbele ya watu. Alivunja heshima yake kubwa na hakupewa kitu. Tukapewa mahali nyuma ya Msambweni, penye mawe ya matumbawe, ambapo hata magugu huota kwa kubembelezwa. Hakupanda mpunga tena. Pepeta tukanunua sokoni.

Leo mto wenyewe umebaki mfereji. Wajukuu wa Ganzori wanauza mchanga wake kwa malori ya wenye hoteli za Diani. Kereng'ende sijui walihamia wapi. Mwalimu mmoja wa sekondari ameniambia kwamba wadudu wale hawakutupwa, wamo kwenye masanduku huko walikopelekwa, kila mmoja na karatasi yake, na watadumu kuliko sisi. Kwa hiyo ukitaka kujua bonde letu lilikuwa na nini, nenda huko. Utaona mbawa, utaona miguu, utaona tarehe. Bibi Mejumaa hutamwona. Na yule Mzungu aliyeandika jina la kila kiumbe hakutuachia hata lake, nipate kumtaja pamoja na wenzake.

Zamani tulikuwa na adabu, nasema kila siku, na vijana wananichoka. Mwanangu ameoa msichana wa Voi, anayefanya kazi hotelini. Juzi nimekaa barazani Ukunda na wazee wenzangu, huyo mkwe wangu yuko dukani ng'ambo ya barabara, akaniita kwa sauti ya kuita gari: "Mzee Ndaro! Mzee Ndaro, sukari kilo ngapi?"

Wazee wakageuka kumtazama. Mmoja akasema, "Mke wa mwanao huyo? Anakutaja hivyo? Enzi zetu angerudishwa kwao leo hii."

Nami nilikuwa nimeshafungua kinywa nimkaripie. Nikamkumbuka mtu amejifunika leso mbele ya meza ya karani.

"Kilo mbili," nikamjibu. "Na hujaita vizuri, mwanangu. Ita tena, wasikie mpaka kule stendi."

Akacheka. "Baba nawe una mambo!" Kisha akaweka mikono kinywani, akaita.