Mashine Mbili na Mkono wa Mama

Kwetu gogo hupasuliwa na watu wawili. Mmoja ana shoka, mwingine ana mkono. Wazee wetu walifanya hivyo upande wa Bule, kule vilimani, na tulipokimbilia Bunia hatukubeba mengi, lakini desturi hiyo ilikuja nasi. Mwenye mkono hulisimamisha gogo, hulishika na kulituliza. Mwenye shoka hunyanyua na kungoja. Kisha mwenye mkono husema "Ee", anaondoa mkono, na shoka linashuka. Kabla ya Ee, shoka hubaki juu, hata mabega yakiuma.

Tangu baba afariki, shoka ni langu na mkono ni wa mama. Ee yake ni ndogo, inapita puani, kama ya mtu anayeitika akiwa usingizini. Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati na moshi wa majirani ukipita kati ya mikaratusi, niliisikia ile Ee na mikono yangu ikashuka yenyewe. Sikukumbuka kama nimepiga. Niliona tu gogo limefunguka, ndani rangi ya nyama changa, na harufu kama ya dawa ya kikohozi.

Macho ya mama yameanza kufifia. Haoni tena gogo vizuri, analijua kwa vidole. Anapapasa, anageuza, ananiambia fundo liko wapi. Mimi si mtu wa maneno, na kazi hiyo ilinifaa kwa sababu ilihitaji neno moja tu, tena lilikuwa la mama.

Mwaka huu mwoka mikate anayenunua kuni kwetu alijenga tanuri la pili. Akataka kuni nyembamba, nyingi, la sivyo atatafuta watu wengine. Shoka lilishindwa. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, akasema tuchukue mashine. Kulikuwa na fundi wa vyuma karibu na soko aliyekuwa ametengeneza mbili kwa vipande vya magari ya zamani. Akatuambia tuje na magogo yetu, tujaribu, tuchague.

Tulikwenda alasiri, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Ya kwanza ilikuwa na gurudumu zito. Injini inalizungusha mpaka livume, na ukishusha kishikio, nguvu yote ya ule mzunguko inalitupa gogo kwenye kabari. Pa! Ya pili haikuwa na gurudumu. Pampu yake inasukuma mafuta mazito ndani ya silinda, na silinda inalisogeza gogo kwenye kabari taratibu, kama ng'ombe anayeegemea mlango.

Fundi alianza na ya gurudumu. Gogo kavu, lililonyooka, likapasuka kabla sijafumba jicho. Baba mdogo, aliyekuwa anatafuna muwa, akacheka kwa furaha.

"Hii! Iko mbio sana! Muoka mikate atachoka yeye mwenyewe."

"Na hainywake esansi mingi," fundi akasema, akigonga tangi la petroli. "Ile ingine iko polepole, na mupira wake wa kupitisha mafuta unaweza kuvuja. Lakini mbao mubichi, yenye kujisokota, inaishinda kabisa hii ya gurudumu."

Mama akaomba tujaribu gogo letu bichi. Lilikuwa limepinda, halikutaka kulala sawa. Likayumba juu ya chuma, na mkono wa mama ukaenda wenyewe, ukalishika palepale mbele ya kabari. Gurudumu lilikuwa linavuma.

"Mama! Toa mukono!" fundi akapiga kelele, akazima injini.

"Nitatoa," mama akasema kwa utulivu. "Nikisema Ee, nitatoa. Sikuanza leo."

Watu waliokuwa wamesimama hapo wakacheka. Baba mdogo naye akacheka. "Shemeji, hii haina masikio! Lakini utazoea tu. Tunachukua hii."

Nilitazama vidole vya mama juu ya ganda la mti. Vilikuwa vinatembea polepole, vinatafuta fundo. Nilijua havitazoea. Macho yake yalikuwa ndani ya vile vidole.

"Sema basi, weye," baba mdogo akaniambia. "Ao ulimi uliacha ku nyumba?"

Nikachukua muwa mkononi mwake, nikavunja kipande, nikamwomba fundi awashe tena. Nikamrudisha mama nyuma, nikaulaza muwa pale vidole vyake vilipokuwa.

"Mama, ukisikia kishikio, sema Ee. Nitaachilia."

Nikashusha. Mama akafungua mdomo. Kabla Ee haijatoka, muwa ulikuwa vipande viwili, na maji yake yameruka kwenye shati na shavu la baba mdogo.

Tukaenda kwenye ile ya mafuta. Nikalaza gogo, nikaweka kipande kingine cha muwa mbele ya kabari, nikashusha kishikio. Gogo likaanza kusogea. Mama akasema Ee yake, ndefu, ya puani, hana haraka. Nikaachilia. Chuma kikasimama. Muwa ulikuwa na alama ndogo tu, kama ya ukucha.

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alijifuta shavu, akalamba kidole.

"Iko tamu," akasema. Kisha akamgeukia fundi. "Utupe ya polepole."

Nilimwomba fundi aongeze mabati mawili ya kushikilia gogo pembeni, mkono usihitajike kabisa. Ndiyo mashine tuliyo nayo. Mpira wake umeshavuja, na mwoka mikate hunung'unika akikuta lundo halijakamilika, lakini bado anakuja kwetu.

Sasa mama anapapasa gogo likiwa chini, ananionyesha fundo, kisha anarudi kwenye kiti chake na kuweka mikono mapajani. Hashiki tena, lakini Ee bado ni yake; kabla hajaisema sishushi kishikio. Siku nyingine anachelewa kuisema. Anageuza uso upande wa vilima, ambavyo sijui kama anaviona, na vidole vyake vinatembea juu ya kitenge kama juu ya ganda la mti. Mimi nashika kishikio na kungoja. Mashine inavuma chini kwa chini, nayo inangoja.