Kupalilia kwa Chai

Kupalilia ekari mbili za maharage kumenigharimu beberu mmoja, kilo sita za sukari, ndoo mbili za pombe ya mtama na siku arobaini na saba za mke wangu. Nimehesabu mara mbili. Beberu nitapata mwingine mnadani. Hizo siku ndizo sijui zinauzwa wapi.

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Dongobesh, hakuna aliyepika pombe kumzidi mke wangu. Na kwetu mtu akiwa na shamba kubwa kuliko mikono yake, huwaita majirani. Wanamlimia siku moja, anawapa pombe, na zamu yao ikifika naye anakwenda. Kwangu walikuwa wanafika kabla ya jua, na sikujidanganya kwamba wananipenda. Tatizo ni kwamba mpishi alikuwa pia ndiye mteja wake mkubwa.

Asubuhi moja mwaka huu akaosha pipa la pombe, akalianika, akaweka mbegu za mahindi ndani.

"Nimeacha," akasema.

Sikuuliza kwa muda gani. Nilianza tu kuhesabu.

Wiki mbili za kwanza mikono ilimtetemeka. Akagombana na mimi, na ng'ombe, na redio. Nesi wa zahanati alitaka kumwona kila Jumatatu, naye hakukosa hata moja. Halafu siku moja akacheka kitu nilichosema, wakati mimi sikuwa natania. Nikaona mambo yanakwenda.

Ndipo magugu yakaja. Nikaenda kwa mzee jirani yetu, ambaye akishika jembe na wengine wanashika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya maharage."

"Safari hii ni mbuzi na chai."

"Chai." Akaliangalia jembe lake kama vile limefiwa. "Ina maziwa?"

"Maziwa, na sukari ya kutosha."

"Mwanangu, mimi nikinywa chai saa sita mchana, jembe linalala kabla yangu."

Tulivutana mpaka akakubali kuleta watu kumi na wawili. Nikapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha. Kumi na wawili wakawa watano, na wawili kati yao walikuwa na migongo mibovu. Hapo nikafanya ujanja. Nikamwagiza dada yangu, anayekaa ng'ambo ya korongo, apike ndoo mbili. Tungezificha nyuma ya ua wa minyaa, mwisho wa shamba. Mke wangu angeacha chai huku juu na kurudi zake nyumbani. Mpango ulikuwa mzuri, ila yeye hakuwepo kwenye kikao.

Siku yenyewe habari za ndoo zilikuwa zimeshatembea. Walikuja kumi na wanane. Mke wangu akaleta birika, akawaona wote wamekaa kule chini, akawafuata.

Hakuna aliyekuwa amekunywa. Kwetu pombe ya kulimia haiguswi kabla mama mwenye mji hajaonja, ili watu wajue imetolewa kwa moyo mweupe. Mzee akasimama, akamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili.

"Mama, tuonjee."

"Ameacha, mzee," nikasema.

"Kuonja siyo kunywa."

Watu kumi na wanane wakamtazama. Akaweka birika chini, akapokea, akaonja.

"Haijaiva," akasema. "Mngengoja siku moja."

Wakacheka, wakanywa, na kufikia saa tisa shamba lote lilikuwa safi. Sijawahi kupaliliwa vizuri namna ile.

Jioni akanipakulia ugali.

"Leo siku ya ngapi?"

"Arobaini na saba."

"Hesabu tena."

Nikahesabu. "Arobaini na saba."

"Kesho ni ya kwanza."

"Lilikuwa funda moja. Tena la heshima."

"Funda la kwanza lilikuwa la mzee. Halafu nilirudi kuchukua birika. La pili lilikuwa langu. Yaliyofuata sikuhesabu."

"Basi tuanzie ishirini."

"Wewe sokoni unapokea nusu noti?"

Sipokei.

Leo ni ya tisa. Alhamisi ni zamu ya mzee, na sisi tunadaiwa watu wawili. Nikamwambia mke wangu nitatafuta kibarua aende badala yake. "Kibarua hakulimiwa," akasema. "Nililimiwa mimi." Anakwenda na jembe lake na chupa yake ya chai. Jana mzee alituma salamu: mkewe anaumwa, kwa hiyo mke wangu ndiye atakayewaonjea. Hana ubaya wowote. Kwake hakuna heshima kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo nauliza, na sioni aibu. Kama kuna mtu aliyewahi kurudisha siku ya jembe kwa jirani, akakataa kibuyu mbele ya watu, na jirani asione ametukanwa, aniambie alisema maneno gani. Yawe machache, mke wangu hapendi hotuba. Na yanifikie kabla ya Alhamisi.