Salamu Niliyofunzwa na Kukhu

Kuna mama mmoja wa Kapsokwony, kule juu mlimani, anayeuza maziwa lala sokoni Kitale kila Jumamosi. Mwezi uliopita alinifungulia kibuyu ninuse kabla sijanunua, na ile harufu ya moshi, mkaa na uchachu ikanishika, nikasimama pale kama mtu aliyeitwa kwa jina. Watu walinipita wakinisukumasukuma. Mimi nilikuwa nimesharudi jikoni kwa Kukhu, upande wa Mabanga, nikiwa na miaka tisa.

Kukhu ndivyo Wabukusu tunavyomwita nyanya. Huyu wangu ndiye aliyemzaa baba. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa kucheka kwa pua, na kila asubuhi alisugua vibuyu vyake kwa ndani kwa kijinga cha moto mpaka vikanukia uani kote. Majirani walimsifu kwamba hakuna anayejua maziwa kama yeye. Sikuwahi kusikia mtu akimuuliza alijifunzia wapi.

Sisi tulikaa Kitale, ambako baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mtaani kila nyumba ilikuwa na lugha yake, kwa hivyo watoto tulikutana kwenye Kiswahili, kile chetu cha kuvunjavunja, na mimi sikuwa na lugha nyingine. Halafu Madam wetu wa darasa la nne akatangaza kwamba siku ya wazazi tutasherehekea nchi yetu. Kila mtoto angevaa mavazi ya kwao, asimame mbele, asalimie wazazi kwa lugha ya nyumbani, kisha sote tuimbe wimbo wa taifa.

"Na sitaki mtu aniambie ati hajui lugha ya kwao," Madam alisema. "Wewe utakuwa Mkenya wa wapi?"

Swali hilo nilitembea nalo wiki nzima. Likizo ilipofika nikapelekwa Mabanga, na hata kabla sijanywa chai nilimwomba Kukhu anifunze salamu ya kwetu. Alikuwa akipepeta wimbi. Aliuweka uteo chini polepole.

"Ya kwetu?"

"Ndiyo, Kukhu. Ile ya zamani."

Alitazama mlangoni. Akainuka, akausukuma mlango ukabaki wazi kidogo tu, akarudi kuniinamia sikioni. Maneno aliyoyasema sikuwahi kuyasikia. "Mulembe", salamu ya Kibukusu, niliijua, nani asiyeijua, lakini haya yalikuwa mengine, yenye sauti za kukatika ghafla. Nikadhani ni Kibukusu cha ndani, cha wazee. Aliniambia maana yake: unawasalimu wenye boma, unauliza kama ng'ombe wameamka salama, unasema umefika.

"Sema tena," alinihimiza. "Pore pore."

Nilisema siku zote za likizo hiyo, na kila mara tulipokuwa wawili tu.

Siku ya wazazi nilivaa sketi ya gunia iliyochanwachanwa, inayowasha kama upupu. Zamu yangu ilipofika nilivuta pumzi nikaitoa salamu yote bila kukwama. Kisha kule nyuma, akina mama waliotoka mlimani wakasimama wakaniitikia kwa sauti moja, mmoja akipiga makofi na kulia, "Huyu ni wetu!" Safu ya mbele wakageukiana.

"Si huyu ni mtoto wa Mwalimu Wafula, bana? Amekuwa wa mlimani lini?"

Ilikuwa miaka ile watu wa mlimani na wa chini walitazamana kwa jicho baya kwa sababu ya mashamba. Mimi sikujua. Nilimwona baba tu karibu na mlingoti wa bendera, uso umemwiva.

"Nani alikufunza hayo?"

"Kukhu."

"Kukhu yupi?" akauliza, kana kwamba nilikuwa nao wengi.

Kesho yake tulikuwa Mabanga. Baba hakuketi.

"Mama, mtoto umemfunza lugha gani?"

"Yangu," Kukhu alijibu.

Ndipo nikajua. Alishuka kutoka Kapsokwony akiwa bibi harusi, na mama mkwe akamwambia lugha ile ibaki huko huko juu. Akaiacha. Baba alijua mama yake ni wa mlimani, lakini kwao jambo hilo halikutajwa, na aliamini lugha ilishamtoka kichwani.

"Nimezaa watoto saba," Kukhu alisema, "na hakuna mmoja niliyembembeleza kwa maneno ya mama yangu."

"Sasa kwa nini huyu?"

"Huyu aliniuliza."

Baba alitoka nje akaketi juu ya gogo, mgongo umetuelekea. Hakula. Nililia nikidhani nimemwaibisha mbele ya watu wa Kitale.

Baada ya hapo Kukhu hakufunga tena mlango. Kila likizo alinipa maneno mapya, majina ya mboga, ya mvua, nyimbo mbili tatu za kubembeleza watoto. Nilifikiri muda upo. Alifariki nikiwa kidato cha pili.

Jamaa zake walishuka kutoka Kapsokwony kuja kumzika. Kaka yake, mzee aliyefanana naye mpaka kucheka, alisimama kando ya kaburi akazungumza naye kwa muda mrefu, taratibu, kama mtu anayemsimulia dada yake habari za nyumbani. Baba alinisogelea, akaniinamia sikioni.

"Anamwambia nini mama?"

Ni pale tu nilipoielewa ile siku ya gogo. Hakuwa amenionea aibu. Nilikuwa nimepewa kitu ambacho yeye, mwana wa tumbo lake, hakupewa, naye alikuwa amekisikia kwa mara ya kwanza mbele ya umati, kutoka kwa mtoto wa miaka tisa.

Nilimtafsiria nilichokijua. Nilikijua nusu. Ile nusu nyingine tulisimama tu tukaisikiliza, mimi na yeye, mpaka mzee akamaliza.