Cheti cha Mwenendo Mwema cha Namba

Kamaldine wa Kasongo alikuwa na kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na sifa ya kutowahi kupoteza karatasi ya mtu. Ndiyo maana Rachelle, binti wa wakulima wa Wamaza, alimletea makaratasi yake ya kuomba nafasi ya kusomea ukunga Kinshasa. Yalitakiwa yafike kwa barua pepe kabla ya Ijumaa jioni. Mtandao wa simu ulikuwa umekufa wiki nzima. Palibaki antena ya satelaiti ya Kamaldine tu.

Jumatatu alituma. Barua ikarudi na maelezo: namba inayoitambulisha antena yake mtandaoni imo kwenye orodha ya wanaosambaza barua taka. Orodha hiyo hutunzwa na watu wa kujitolea, huko mbali, na vyuo humfungia mlango kila aliyemo. Kamaldine akataka kufungua ukurasa wao ajitetee. Antivirusi yake, programu aliyoilipia imlinde kompyuta, ikamzuia: hao ni waongo, usiwaendee. Akaizima kwa bismillahi, akaingia. Huko akasoma kwamba mkosaji ni hiyo hiyo antivirusi: hupita ikigonga milango ya kompyuta za watu kwa namba za wateja wake, na walioitengeneza wakiambiwa hawasikii.

Wapiganapo tembo nyasi huumia, sawa, lakini nyasi angalau huwaona tembo. Kamaldine hakumwona yeyote. Mlinzi aliyemlipa ndiye mwizi, au mwizi ni huyu anayemwambia hivyo?

Basi akafanya afanyavyo mtu wa kwao akisingiziwa. Akaenda kwa Alimasi, shefu wa mtaa, kuomba cheti cha mwenendo mwema.

"Cheti ya nani?"

"Ya namba yangu, shefu."

"Namba iko na baba? Iko na mama?"

Alimasi alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaandika kwamba namba hiyo ni ya Kamaldine, mtu wa amani, asiyewahi kuitwa mbele ya baraza. Akapiga muhuri mara mbili, maana kinakwenda mbali. Kamaldine akakipiga picha, akakituma kwa watu wa orodha, akawasha tena antivirusi, kwa kuwa virusi navyo aliviogopa. Akasubiri jibu. Kila siku alijaribu kutuma makaratasi ya Rachelle, na kila siku yalirudi, hadi Ijumaa ikapita.

Jumamosi alilikuta jibu ndani ya kisanduku ambamo antivirusi hufungia barua inazozishuku. Lilikuwa limefika tangu Jumanne. "Cheti chako kimetuchekesha, tena tumekiamini. Bonyeza hapa, namba itolewe." Akaizima tena antivirusi, akabonyeza, akatuma, makaratasi yakaenda. Chuo kikajibu kwa adabu kwamba kilifunga kupokea maombi jana.

Rachelle alilisoma jibu hilo akiwa amesimama.

"Papa Kamaldine, ni masomo ya Kinshasa ndiyo ilinikatala?"

"Hapana, mama. Masomo haikuona hata karatasi yako moja."

"Sasa ni nani? Mama yangu ataniuliza jina."